Kumbikumbi wa Karatasi: Kupamba Madirisha ya Sikukuu na Watoto Wadogo

Desemba ya Dodoma ni mwezi wa mvua. Aliyekaa hapa tangu Mei mvua zilipokata, akala vumbi la Agosti na kulala na kelele za mabati yanayopigwa na upepo Septemba na Oktoba, anaijua furaha ya lile wingu zito la kwanza. Vilima vilivyokauka vinavaa kijani ndani ya wiki chache. Bahi, Kongwa, Chamwino, kote huko watu wako shambani wanapanda mtama, uwele, mahindi na alizeti. Katikati ya pilika hizo ndipo inapoangukia Krismasi. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa nzima, na mvua ikishuka mchana hakuna pa kuwapeleka.

Hapo ndipo madirisha yanapokuwa na kazi. Nimekuwa nikiyapamba na wanangu wawili, pamoja na watoto wa jirani ambao kwetu wanaingia bila hodi, kila sikukuu tangu mkubwa wangu alipoweza kushika mkasi. Nina msimamo kuhusu jambo hili na nauandika wazi: dirisha la mtoto lipambwe kwa kile mtoto mwenyewe alichokiona, libaki vile mkono wake ulivyolitoa, na kazi ya kung'aa iachiwe jua.

Nianze na theluji, kwa sababu ndiyo inayotawala. Ukienda madukani mwezi huu utakuta theluji ya plastiki, theluji ya pamba, theluji ya kubandika kwenye kioo. Chekechea nyingi nazo zinawapa watoto pamba wabandike juu ya mti wa kijani. Sina ugomvi na theluji. Chembe yake ina ncha sita kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita, na kumwonyesha mtoto wa miaka sita umbo hilo ni elimu nzuri. Tena theluji tunayo nchini, kule juu Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Lakini mtoto wa miaka minne wa Nkuhungu au Ipagala, hapa hapa Dodoma, anapokata theluji anakata picha aliyoletewa na mtu mwingine. Anakuuliza, "Mama, hivi ni sawa?" Hana namna ya kujua mwenyewe, maana kitu chenyewe hajawahi kukiona. Kila mkato unahitaji ruhusa ya mtu mzima.

Kwa hiyo niliwauliza watoto swali jepesi: siku za Krismasi mnaona nini dirishani? Mdogo alijibu hata kabla sijamaliza.

"Kumbikumbi!"

Alikuwa amesema kweli. Baada ya mvua kubwa za mwanzo, jua likizama, kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu na kufuata taa. Wanajigonga kwenye kioo na kwenye wavu wa mbu, wanang'aa wakipita kwenye mwanga, na asubuhi kizingiti cha dirisha kimejaa mabawa matupu. Watoto wa hapa wanawajua vizuri kuliko malaika wowote wa dukani. Wamewahi kuwakamata kwa beseni la maji lililowekwa chini ya taa, wamewala wakiwa wamekaangwa na chumvi, wamelia kwa sababu mmoja aliingia kwenye nguo. Pambo la sikukuu lililotoka kwenye kumbukumbu kama hiyo halihitaji kuulizwa kama liko sawa. Mtoto anajua.

Tangu hapo dirisha letu la sebuleni Desemba ni la kumbikumbi, matone ya mvua, mawingu, maua ya alizeti, na nyota. Nyota haikosekani, maana ndiyo Krismasi yenyewe.

Sasa tuje kwenye madirisha yetu yalivyo. Maelekezo mengi ya kupamba madirisha yanachukulia kwamba una kioo kikubwa kitupu unachoweza kukifikia kwa mkono. Nyumba zetu nyingi hazina. Kuna nondo au grili, kuna wavu wa mbu, kuna kioo cha kuteleza cha alumini, na nyumba za zamani zina wavu wa waya peke yake na mbao za kufunga kwa nje. Mara nyingi mtoto aliye ndani hakigusi kioo kabisa. Anachogusa ni wavu au nondo. Watu wanaona hilo ni kikwazo. Mimi naona nondo ni bahati kubwa, kwa sababu zinafungika, zinasukika, zinaning'inizwa vitu, na hazihitaji gundi hata tone. Wavu nao uangaliwe: usibandike selotepu juu yake, ukiibandua inavuta nyuzi na kutoboa, na mbu wa msimu wa mvua hawasubiri.

Chagueni dirisha kwa kuangalia jua. Dodoma iko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, na mwezi Desemba jua linafika nyuzi 23 na ushee kusini. Maana yake kwa wiki hizi zote jua linatembea upande wa kusini wa paa letu: linachomoza kusini kidogo mwa mashariki, linazama kusini kidogo mwa magharibi. Dirisha linaloangalia kusini, ambalo mwezi Juni halipati jua hata kidogo, Desemba linapata mwanga wa asubuhi na wa jioni. Saa sita na nusu mchana jua liko juu mno na paa linalizuia. Zuri kuliko yote ni dirisha la mashariki, kwa sababu mvua zetu hupenda mchana na jioni, asubuhi anga mara nyingi ni safi. Watoto wakinywa uji saa moja na nusu, dirisha linakuwa limewaka.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Manila ya rangi, ile ngumu inayouzwa steshenari, ukiiweka dirishani mchana na kuitazama kutoka ndani, rangi yake inapotea. Nyekundu inakuwa kivuli, kijani inakuwa kivuli, dhahabu inakuwa kivuli. Mwanga uko nyuma yake na hauwezi kupita. Mtoto aliyehangaika kuchagua rangi anabaki na umbo jeusi. Umbo jeusi nalo lina uzuri wake, nitalirudia. Ila ukitaka rangi ionekane ndani, tafuta karatasi inayopitisha mwanga.

Zamani, mimi nikiwa mdogo, tulikata mifuko ya rambo. Ile ya bluu na ile ya kijani ilikuwa inatoa kivuli cha rangi sakafuni, tukawa tunakanyaga bluu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na ni vizuri ilivyopigwa, kwani mifugo ilikuwa inaila na mitaro ilikuwa inaziba. Kilichobaki ni nailoni ya rangi ya kufungia zawadi, ambayo inapatikana lakini inateleza, mkasi mdogo hauikati, na mtoto mdogo sana anaweza kuivuta usoni. Mimi nimeiacha. Natumia karatasi na mafuta ya alizeti.

Mafuta ya alizeti hayakosi jikoni kwetu. Singida na Dodoma ndio ukanda wa alizeti, na jirani akitoka kukamua anakuletea lita kadhaa kwenye dumu. Kila mtu pia ameona gazeti lililofungiwa maandazi: palipolowa mafuta unaona vidole vyako upande wa pili. Sababu yake inafurahisha na mtoto wa miaka sita anaielewa. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikamana, na katikati ya nyuzi kuna hewa. Mwanga ukiingia unakutana na uzi, hewa, uzi, hewa, unatawanyika kila upande, ndiyo maana karatasi inaonekana nyeupe na haionyeshi ng'ambo. Mafuta yanajaza mahali palipokuwa na hewa. Na kwa kuwa mafuta yanaupinda mwanga karibu sawa na zile nyuzi, mwanga unakatiza bila kutawanyika sana. Wanangu wanaita "karatasi iliyofunguka".

Tunafanya hivi. Karatasi yenyewe ni ya madaftari yaliyokwisha. Mwisho wa mwaka kila nyumba yenye mwanafunzi ina rundo la madaftari ambayo hakuna anayejua ayafanye nini, na kurasa zake ni nyembamba kuliko karatasi nyeupe ya kuchapia, kwa hiyo zinakatika kirahisi na zinapokea mafuta vizuri. Mtoto anapaka rangi kwa krayoni, akandamize kweli, nta ijae. Asiogope kutoka nje ya mstari wala kuchanganya. Kisha tunageuza upande wa nyuma, tunachovya kipande cha pamba kwenye mafuta kidogo, kijiko kimoja kinatosha watoto wote, na kupaka taratibu mpaka karatasi ibadilike. Wakati huo nyumba inanyamaza. Kuona karatasi inafunguka mbele ya macho, hakuna mtoto niliyemwona akachoka nako. Baada ya hapo tunaibana kati ya magazeti makavu, tunaketi juu ya magazeti, na kuiacha mpaka kesho yake. Usiruke hatua hiyo, karatasi yenye mafuta mengi inadondosha, inavuta vumbi, na sisimizi watapata habari kabla yako.

Ikiwekwa kwenye mwanga, kurasa za daftari zinaonyesha mistari ya bluu, na hapa na pale alama za vema za mwalimu kwa wino mwekundu. Kuna mwaka bawa la kumbikumbi lilikuwa na hesabu ya kujumlisha ndani yake, na mkubwa wangu aliisoma kwa sauti kila asubuhi. Napenda sana hilo. Mwaka mzima wa kazi ya mtoto uko pale, unapitisha jua.

Kumbikumbi mwenyewe ni rahisi mno, hata wa miaka mitatu anamweza. Mwili ni kipande cha karatasi ya kaki kilichosokotwa kwa vidole, au kijiti cha kiberiti kilichotumika na kukatwa kichwa. Mabawa ni vipande virefu vya karatasi iliyofunguka, vimechanwa kwa mkono. Nasisitiza kuchana, nikitaka kusema neno kuhusu mikasi hapa.

Mtoto wa miaka mitatu anakata kwa kubana mara moja tu, kipande kinadondoka. Wa minne anaanza kufuata mstari ulionyooka. Kukata duara au pembe ni kazi ya miaka mitano na sita, na hata hapo hawalingani. Mzazi anayempa wa mitatu nyota ya kukata ataishia kuikata yeye, na dirisha litakuwa la mzazi. Mdogo wangu, zaidi ya hayo, ni mashoto. Nilipoona karatasi inajikunja ndani ya mkasi wake badala ya kukatika, nilichunguza mkasi wenyewe. Mikasi ya kawaida imetengenezwa ili mkono wa kulia unapobana, ubanaji huo usukume makali mawili yakutane. Mkono wa kushoto ukibana unayatenganisha, na ubapa wa juu unaficha mstari. Mtoto anaonekana mzito wa mkono, kumbe chombo ndicho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Mikasi ya mashoto ni nadra kuipata madukani kwetu. Vidole viko. Karatasi iliyochanwa kwa vidole ina ukingo wenye nyuzi nyuzi, na ukingo huo ukipata mwanga unang'aa kuliko wa mkasi. Ukipakwa mafuta unayeyukia kwenye mwanga kabisa. Bawa la kumbikumbi lililochanwa ni zuri kuliko lililokatwa, na wa kwanza kuligundua alikuwa huyo wa mashoto. Watu wazima wa familia waliozoea kumwambia "tumia mkono mzuri" wameona dirisha lake. Naomba waache mkono wake.

Gundi tunapika. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vinne vya maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi kidogo yasijitokeze mabonge, halafu uingie kwenye maji yaliyochemka, ukoroge mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Ikipoa ni salama hata mtoto akilamba kidole, na atalamba. Haikai zaidi ya siku mbili bila kuchacha. Haishiki vizuri kwenye karatasi yenye mafuta, kwa hiyo gundi kwanza, ikauke, mafuta baadaye, ama shona kwa uzi. Mende na panya wanaipenda, hivyo kinachobandikwa kwa gundi hii kisikae dirishani mwezi mzima. Na tafadhali, kama nyumba ina chokaa ya kupakia kuta, isiguswe na watoto kwa jina la rangi nyeupe. Chokaa inaunguza ngozi na macho. Ukitaka nyeupe ya kuchora juu ya kioo, saga chaki ya ubaoni, changanya na maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo; inatoka kwa kitambaa chenye maji.

Kwa wadogo kabisa, wale wanaokaa na kitu kwa muda wa wimbo mmoja tu, nondo zinatosha. Fundi cherehani wa mtaani ana mfuko wa vipande vya vitenge anavyotaka kutupa. Mwombe. Vikate viwe vyembamba na virefu kidogo, mpe mtoto azungushe na kufunga kwenye nondo anakotaka. Kufunga fundo ni kazi kubwa kwa vidole vya miaka mitatu na atafunga mapya kila siku. Wakubwa wanaweza kusuka vipande virefu vya karatasi juu ya nondo moja na chini ya nyingine, kama ukili, mpaka dirisha zima la chini liwe mkeka. Tulipofanya hivyo bibi jirani, mzaliwa wa huku huku Ugogoni, alipita akasimama nje.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa, bibi!"

Aliingia akakaa kwenye mkeka na watoto, akawaambia kwamba yeye alikulia kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na mwanga wa nyumbani kwao ulikuwa unaingia mlangoni. Mtu akisimama mlangoni, ndani giza. Watoto walimtazama. Kisha akaanza kukagua kazi, kipande kwa kipande, kwa makini ambayo sisi wazazi tuna haraka mno kuwa nayo. Alimnyooshea kidole mmoja wa kumbikumbi.

"Huyu kumbikumbi gani? Mimi namjua ana mabawa manne. Wako ana mawili."

"Mengine yamedondoka, bibi," alijibu mdogo wangu.

Bibi alikubali. Hivyo ndivyo ninavyotaka kazi ya mtoto ijadiliwe: kwa kitu ambacho wote wawili wanakijua. Hakuna aliyemwambia "hongera, umependeza" na kumwacha hapo. Aliulizwa swali la kweli, naye akawa na jibu la kweli.

Watoto wa jirani wengine ni Waislamu, na hawajawahi kuuliza kama wanaruhusiwa. Kumbikumbi hawana dini, mvua haina dini. Binti mmoja wao alikata mwezi mwandamo akautundika kando ya nyota, mama yake akaniuliza kwa upole kama ninakwazika. Nilimjibu hapana, na nilimaanisha. Idi el-Fitri inasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa sababu kalenda inafuata mwezi, na kuna miaka itaikuta Krismasi kabisa. Mwezi na nyota vitatundikwa pamoja siku hiyo bila mtu kuona ajabu, angalau kwenye dirisha letu.

Nyota sasa. Chora duara kwa kuzungusha sahani, likunje nusu, kisha nusu hiyo ikunjwe sehemu tatu sawa, halafu kipande hicho kikunjwe nusu tena, unapata tabaka kumi na mbili. Mkato mmoja wa mshazari na ncha sita zinatokea zikifunguliwa. Mtoto wa miaka minne apewe mkunjo wa nusu, nusu na nusu tu, tabaka nane, kwa sababu kumi na mbili ni ngumu kwa mkono wake. Ncha nne zinatosha kuwa nyota. Nyota za karatasi zina undugu wa zamani na darasa: ile nyota ya Kimoravian yenye ncha nyingi, inayotundikwa majira ya Noeli na waumini wa kanisa hilo duniani, ilianza karne ya 19 katika shule yao ya Niesky, Ujerumani, kama zoezi la jiometri. Wamisionari wa kanisa hilo hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Mkubwa wangu nilimwambia nyota hii ilikuwa somo la hesabu, akanitazama kwa mashaka, halafu akaanza kuhesabu pembe.

Nimesema nitayarudia maumbo meusi. Kwa hayo manila ngumu ndiyo hasa inayofaa, au boksi la sabuni lililofunguliwa. Kielelezo kizuri kuliko vyote kiko mkoani kwetu, Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kule kuna twiga, tembo, pofu, na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, waliochorwa kwa rangi nyekundu, na juu ya baadhi yao michoro ya baadaye ya rangi nyeupe. Wachoraji wale hawakuhangaika na kope za twiga. Shingo, mgongo, miguu, basi, na unamjua ni twiga. Mtoto anachora vivyo hivyo. Twiga wake akitundikwa mbele ya wingu la jioni anakuwa amekamilika. Tulichekecha udongo mwekundu wa uani kwa kitambaa, tukauchanganya na ile gundi ya unga, watoto wakapaka upande wa nje wa maboksi, na kwa mpita njia twiga alikuwa mwekundu wakati kwetu ndani alikuwa mweusi.

Hilo la ndani na nje linastahili kufikiriwa kabla ya kutundika. Mchana mwanga unatoka nje, kwa hiyo karatasi iliyofunguka inawaka kwa walioko ndani, na rangi ya boksi inaonekana kwa walioko nje. Usiku taa ikiwashwa mambo yanageuka: rangi za krayoni zinawaka kuelekea barabarani. Watoto wanapoligundua hilo wanataka kutoka nje wote kutazama, wakimwacha mmoja ndani wa kuzima na kuwasha. Umeme ukikatika kuna huzuni ya kweli. Mshumaa dirishani sikubali, mwenye karatasi ya mafuta na pazia na upepo unaotangulia mvua hana sababu ya kujaribu. Tochi ya simu nyuma ya kumbikumbi mmoja inatosha kumaliza jioni.

Kitu kimoja zaidi cha usalama. Pambo la dirisha linamwita mtoto kupanda dirishani. Ondoa kiti, kitanda na kochi chini ya dirisha linalopambwa, na utundike kwa urefu ambao mtoto anafika akiwa amesimama sakafuni. Watu wanapenda kupamba juu kwa sababu ndiko kunakoonekana. Acha juu patupu. Nyuzi ziwe fupi, zisizofanya kitanzi. Shanga na mbegu za ubuyu zisiwe karibu na wa chini ya miaka mitatu.

Na usirekebishe. Usiku watoto wakilala mkono unawasha, nalijua hilo, kuna nyota imekaa upande na wingu limebandikwa juu ya twiga. Viache. Mtoto akiamka ataenda moja kwa moja kwenye kitu chake, na anakumbuka hasa alikiweka wapi na kwa nini. Wingu liko juu ya twiga kwa sababu twiga ana kiu.

Tunatoa mapambo baada ya tarehe 6 Januari, siku ya Mamajusi, kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wanatoa wenyewe walichoweka. Selotepu iliyopigwa jua kwenye kioo huacha gundi ngumu. Paka mafuta yale yale ya alizeti, subiri kidogo, futa kwa kitambaa, halafu maji ya sabuni. Vitenge vinafuliwa na kurudi kwenye mfuko. Twiga na nyota tunavibana kati ya maboksi chini ya godoro kwa ajili ya mwaka unaofuata, au Idi ikitangulia. Karatasi zenye mafuta hazitunziki, zinakuwa ngumu na kunuka, na kwa kuwa zinashika moto haraka tunawashia nazo jiko la mkaa, mtoto mwenyewe akiwa amechagua ipi itangulie na ipi abaki nayo mpaka ichakae.

Mwaka huu wameomba dirisha la jikoni. Nimekubali lile linaloangalia bustani ya mchicha, la juu ya jiko la gesi hapana.